Kifaa cha Bi Mwanahawa

Muuguzi alimfunga Bi Mwanahawa kifaa kifundoni, kipime anavyotembea. Alipoondoka, Kombo, mwana wa bibi huyo, alikivua, akakifunga mguuni mwa mbuzi, isijulikane kwamba humfungia mama yake ndani.

Asubuhi ya kipimo alimrudishia, akampiga teke gotini. "Ukifungua kinywa nakuua, kizee we!"

Muuguzi alikisoma kifaa akacheka. "Bibi, unaruka kushinda vijana! Hebu tembea nikuone."

Kombo alisimama kando, ameshika mchi. Bi Mwanahawa akainuka, damu ikimchuruzika mguuni. Akampita muuguzi, akampita mwanawe, akausukuma mlango.

"Mama, rudi!"

Mchi ulimpata begani. Akayumba, akashika ukuta, kisha akaendelea kutembea katikati ya barabara, huku majirani wakitoka mmoja mmoja.