Kipande cha Visiki

Mguu wa kulia wa Machibya ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza ni machimboni, udongo wa shimo la dhahabu ulipomfukia hadi kiunoni. Mara ya pili ni Kongo, na huo wa Kongo ndio uliomjengea nyumba.

Wala si yeye aliyeuanza uongo. Miaka minne nyuma aliaga kwao Mwamkulu kwamba anakwenda jeshini. Jeshi likamkataa, akaona haya kurudi, akaishia kuchimba. Siku aliyorudi na magongo, Mama Generosa, mwenyekiti wa mtaa, alimpokea kwa kilio akamuuliza, "Mwanangu, ni vita ya Kongo?" Machibya alikuwa amechoka, ana njaa. Akaitikia kwa kichwa.

Kichwa kikishaitikia, mdomo hauna budi kufuata. Kule machimboni kulikuwa na dereva wa lori aliyependa kusimulia kisa cha askari aliyembeba mwenzake mgongoni, porini, kutwa nzima, risasi zikilia nyuma yao. Machibya alikichukua kisa kizimakizima, akajiweka yeye pale mgongoni. Watu walilia. Wakamfyatulia matofali, wakampandishia kuta, na kila Alhamisi ya msimu wa kulima wakawa wanafika shambani kwake na majembe, kila mmoja akikatiwa kipande chake.

Kipande chenye visiki kilikuwa cha Evodi. Huyu alihamia kutoka upande wa Sibwesa na begi moja, hana mke, hana ndugu, hasemi aliko­wahi kuwa. Watu wakaamua wenyewe kwamba ametoka jela, kwa kuwa mtu akinyamaza sana lazima ana lake. Yeye hakulimiwa hata tuta moja. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba Machibya akifika pale pa kubebwa, Evodi huinuka akaondoka.

"Wivu tu," Mama Generosa alimwambia siku moja mbele za watu. "Mwenzako katoa mguu. Wewe umetoa nini?"

Evodi aliokota jembe lake akaenda zake.

Basi Alhamisi moja likaingia gari la jeshi. Mama Generosa mwenyewe ndiye aliyepeleka habari kambini, kwa nia njema kabisa, kwamba mtaa wake una shujaa. Askari wakajichangisha. Walishusha unga, sukari, mablanketi na mabati, kisha vijana wakakunja mikono ya mashati, wakaomba majembe na kuingia shambani pamoja na wenyeji. Walilima kama wanalima kwao. Machibya aliwatazama akiwaza. Akiumbuka leo, hakuna atakayemwacha ndani ya nyumba ile, na mtu wa mguu mmoja hana shimo la kurudi.

Sajenti wao, Telesphor, aliingia ndani kumsalimia. Evodi akaitwa kutoka shambani aje amnawishe mgeni, maana kazi za namna hiyo ndizo zilizokuwa zake.

"Mimi nami nilikuwa kule," sajenti alisema kwa upole. "Kambi yenu ilikuwa ng'ambo ipi ya mto?"

Machibya hakujua hata kama kulikuwa na mto.

"Ng'ambo ile ya shule iliyoezuliwa paa, afande," alisema Evodi, birika mkononi. "Huwa anatusimulia."

Machibya hakuwahi kusimulia habari ya shule yoyote. Lakini uso wa sajenti ulilainika. Akasema shule hiyo anaikumbuka vizuri, na kisa chao cha kubebana nacho alikisikia, ingawa kwa mbali, kwa watu wa kikosi kingine. Akanyoosha mikono juu ya beseni.

"Aliyekubeba yuko wapi siku hizi?"

Hilo Machibya alikuwa na jibu lake, lile alilowapa watu siku zote, kwani maiti hapingi hadithi.

"Alikufa, afande. Mwaka uleule."

Maji yaliendelea kumiminika juu ya mikono iliyokwisha takata, yakalowesha shati la sajenti hadi kwenye kiwiko.

"Yanatosha, ndugu," sajenti alisema, akamtazama Evodi kwa muda.

Mama Generosa, aliyekuwa mlangoni, aliomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima. Akamkaripia Evodi kwamba hata kumnawisha mgeni hajui, akamrudisha kwenye visiki vyake. Sajenti alikula kidogo, akamshika Machibya mkono, akamwambia wenzake kambini hawatamsahau.

Jua lilipopinda gari liliondoka, vigelegele vikilisindikiza hadi barabarani. Machibya alibaki amekaa katikati ya mablanketi mapya, na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliona aibu, aibu ya kweli. Akachukua pakiti moja ya sukari, akajikongoja na magongo yake hadi mwisho wa shamba. Wengine walikwisha maliza vipande vyao wakaenda. Evodi alikuwa bado anahangaika na kisiki.

"Evodi," Machibya alisema, "ile shule uliijuaje?"

Jembe lilishuka mara mbili, mara tatu, kabla hajajibiwa. Sukari ile Evodi hakuigusa.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Acha wakulimie. Yule niliyembeba mimi hakufika."