Anayeingiza Mkono

Mkono wa Anselmo ulikuwa ndani ya pampu ya zege hadi kwapani, na ufunguo wa pampu hiyo ulikuwa mfukoni mwa Zephania.

Haikutakiwa kuwa hivyo. Bengt, msimamizi wao, Mswidi asiyejua utani kazini, aliwaimbia sheria moja kila asubuhi: anayeingiza mkono ndiye anayekaa na ufunguo. Lakini mfuko wa suruali ya Anselmo ulikuwa umetoboka, na yeye hakuwa mtu wa kujisumbua. "Kaa nao wewe, kaka," alisema akimrushia. "Kwako ni kama kwangu tu."

Kwako ni kama kwangu! Maneno hayo yalimchoma Zephania. Ndivyo alivyoishi huyu bwana: kila kilicho chema kilimwangukia yeye, wala hakuuliza kimetoka jasho la nani.

Mpaka hapo kazi ilikuwa imekwenda kwa utaratibu wake. Ilikuwa Oktoba 1984, kiwanja cha ujenzi pale Jordbro, nchini kwao Bengt, na baridi imeshaanza kuuma vidole. Zephania aliiendesha pampu kinyumenyume kwanza, kupunguza nguvu iliyobanwa ndani ya bomba. Akahakikisha hakuna mtu mbele ya mdomo wa bomba, ndipo akausukuma mpira wa sponji upite na kutoka na masalia yote. Akazima injini. Kilichobaki ni gamba la zege lililong'ang'ania chini ya mapanga ya kukorogea, mahali pasipofikiwa na maji. Hapo ni patasi na mkono wa mtu. Zege halilali, na likilala humo ndani, kesho hakuna pampu.

"Leo utanikoma," Anselmo aliliambia gamba, akigonga na kupiga mluzi.

Mluzi ule! Zephania aliuchukia. Aliyeshiba ndiye apigaye mluzi namna ile.

Ni nani aliyempokea Adelina uwanja wa ndege wa Arlanda, siku ya theluji, naye amevaa viatu vya wazi? Zephania. Ni nani aliyemfundisha kupanda treni ya Tensta bila kupotea, akabeba kochi mgongoni hadi ghorofa ya nne lifti ilipogoma? Zephania. Na Anselmo siku hizo alikuwa wapi? Alikuwa Fisksätra anamwaga zege, mtu wa zamu za ziada.

Leo ndiye anayejinyoosha kwenye kochi hilo, soksi nje. Jumapili iliyopita Adelina alipika ndizi kwa nyama, na mnofu ulionona ukaenda kwenye sahani ya Anselmo. Zephania akapata mfupa na tabasamu. Jioni, alipovaa koti kuwahi basi, aliwaacha wawili hao pale pale, Adelina akimmenyea Anselmo chungwa. Hakuna aliyeinuka. Alijifungulia mlango mwenyewe.

Na leo mchana tena. Adelina, anayefanya kazi kantini ya kiwanda cha jirani, alifika kiwanjani na chupa ya chai. "Shemeji, chai hiyo, isipoe!" aliita. Akamimina kikombe cha kwanza, akampa Anselmo, wakacheka wote wawili kwa jambo wanalolijua wao. Zephania hakucheka. Shemeji! Neno la kumwingiza mwanamume hadi jikoni, na watu wote wakaona ni sawa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona, akautoa ufunguo mfukoni.

Uliingia tunduni bila sauti. Wenzo wa kukorogea haukuwa umerudishwa katikati; injini ikiwaka tu, mapanga yatazunguka. Hata hilo Anselmo alimwachia mwenzake. Kugeuza kidogo tu, basi. Watasema ni ajali. Watauliza kwa nini Anselmo aliutoa ufunguo. Na Zephania ndiye atakayekaa na Adelina, amfute machozi, amchemshie uji. Atamgeukia nani mwingine katika nchi hii ya watu?

"Zefa," sauti ya Anselmo ilitoka ndani ya chuma. "Upo?"

"Nipo."

"Usiondoke, bwana. Nikijua upo hapo, humu naweza hata kusinzia."

Vidole vya Zephania vilikaza. Wivu ulikuwa umemjaa hata hakusikia tena patasi, alisikia damu yake tu masikioni. Ufunguo ukaanza kuzunguka. Kisha akauona mkono ule kama utakavyokuwa, nyama na zege pamoja. Akauchomoa ufunguo kwa nguvu hata ukamkwaruza kiganja. Hakuweza. Alijidharau kwa kutaka, akajidharau tena kwa kushindwa.

Anselmo alijitoa taratibu, bega limepakaa grisi, ameshika lile gamba na meno yote nje. Hakujua lolote.

Adelina alikuwa amesimama karibu na lango, zamu yake imekwisha, kiganja kimeziba mdomo. Aliuona mkono wa Anselmo ulikotoka. Aliuona ufunguo kiganjani mwa Zephania.

Zephania alisubiri laana. Adelina alimjia moja kwa moja, akakunja goti kidogo kama wanavyosalimu kwao Bukoba, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Mungu akuzidishie, shemeji," alisema, machozi yakimlengalenga. "Huyu mume wangu na uzembe wake! Ufunguo ule angempa mtu mwingine, leo ningekuwa mjane."