Mifupa ya Kilima Ngwasi

Kila aliyehamishwa kutoka Kilima Ngwasi alichomwa sindano ya kuondoa uchungu wa kukumbuka kwao. Nakijwa alichomwa mwaka jana, pale zahanati. Leo bintiye, Namsifu, alimsomea barua ya serikali: kesho kilele kitakatwa, je, mifupa ya marehemu mumewe ihamishwe?

"Waiache tu," alijibu Nakijwa, akichambua maharage.

"Mama! Si wewe uliyempandia baba masale kwenye kaburi lake pale juu?"

"Ni mimi. Nakumbuka hata mvua ya siku ile."

Namsifu, ambaye wakati wa kuhamishwa aliishi mjini na hivyo hakuwahi kuchomwa, aliangua kilio. Nakijwa alijua naye angepaswa kulia. Alisubiri kidogo, machozi hayakuja.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "zahanati hufungwa saa kumi. Tukiondoka sasa, tutawahi."