Asionwe na Msoma Habari

"Vuta pazia, mwanangu, mtu wa habari huyo anaingia," alisema Bi Chausiku, na Mwanvita akalivuta lile la mlango wa chumba chake.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Mwanvita alikuwa kizuka, mjane aliye ndani ya eda, na kizuka haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Msoma habari wa televisheni ya Unguja hakuwa maharimu wa mtu yeyote pale Bagamoyo. Alikuwa na kofia nzuri, sauti tamu na macho ya kumkazia mtu, na Bi Chausiku, mama wa marehemu, alishikilia kwamba macho kama yale hayawezi kuwa hayaoni kitu. Akisalimu, bibi humwitikia. Akikohoa, humwombea afya.

Basi mwaka ule, mwaka wa kwanza Unguja kurusha picha, Mwanvita aliupata kwa masikio. Alisikia magwaride, hotuba, mpira na mashindano ya kusoma Kurani, huku jenereta ikiunguruma uani. Watu walisifu rangi za televisheni ile, ambayo mtaani ilikuwa moja tu. Yeye rangi aliyoijua ni ya pazia. Majirani waliruhusiwa kuingia siku za mpira. Alhamisi, siku ya taarabu, mlango ulifungwa kwa komeo, kwa kuwa nyumba ina kizuka na kelele hazifai.

Televisheni hiyo aliileta shemeji yake, Haji, mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Unguja. Ndiye pia aliyeleta msiba. Abdala, mdogo wake Haji na mume wa Mwanvita, alikuwa amevuka kwenda kupiga fidla kwenye harusi. Homa ikamkamata huko huko, akafa asubuhi, akazikwa alasiri. Haji akarudi na kanzu ya marehemu na wasia wake: Mwanvita asitoke katika nyumba ile, na eda ikiisha aolewe na Haji.

Mwanvita hakumtaka Haji hata kidogo. Haji alikuwa mtu wa kuinua kifuniko cha chungu na kukagua vipande vya nyama kabla wengine hawajala. Alichokitaka Mwanvita ni kurudi kwao Makurunge, akalime mihogo, aamke asubuhi pasipo mtu wa kumwambia avute nini. Lakini mama yake, Bi Mina, alipokuja na kusikia habari ya wasia, aliinamisha kichwa. "Marehemu kasema, mwanangu. Mimi nani nipinge?" Akala chakula cha mchana, akajifunga kanga, akaondoka. Tangu siku ile Mwanvita alihisi chumba kinapungua upana. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na mtu aliyelala kaburini ng'ambo ya bahari alikuwa amemfungia mlango.

Kitu kimoja tu kilimlainisha moyo, nacho ni machozi ya mavyaa wake. Taarabu ikianza, Bi Chausiku husogeza kigoda chake mpaka karibu aguse kioo, kisha hulia. Fidla zilikuwa nyingi na zililia pamoja, na zote zilimkumbusha Mwanvita mumewe. Naye hulia nyuma ya pazia, kila mmoja upande wake. Mara nyingine husikia bibi akikiuliza kioo, "Unakula lakini, baba?" Mwanvita alishazoea. Anayemwitikia salamu msoma habari atashindwaje kumuuliza mpiga ngoma kama amekula?

Eda ilikuwa imebakiza siku tisa Idd ilipofika. Jioni ya sikukuu Haji alikuja akasimama nje ya dirisha, kanzu imenyooka, ananukia udi.

"Shemeji, Idd Mubarak. Sheikh ananiuliza habari yetu. Nimwambie nini?"

"Nipe mpaka baada ya isha."

"Mpaka isha, basi. Ila wasia ni wasia, shemeji. Hauna kuchagua."

Akaenda msikitini. Mwanvita alikaa kitandani akitafuta neno la kukataa linalofaa kumwambia maiti. Hakulipata.

Sebuleni taarabu ilikuwa imeanza, na Bi Chausiku alilia kuliko siku zote. Alilia kwa sauti, kama siku ya matanga. Mwanvita akamwonea huruma hata akasahau huruma yake mwenyewe. Mama wa watu, Idd ya kwanza bila mwanawe. Nikiondoka mimi, nani atabaki naye? Na Haji ni mtu tu, watu huolewa na watu. Alipofika hapo akajikuta amesimama, na pazia lilikuwa limeshafunguka.

"Mama, usilie. Sendi popote. Nimekubali."

Bi Chausiku aligeuka, akaruka kutoka kwenye kigoda, akatandaza kanga mbele ya kioo kwa mikono miwili. "Rudi ndani, Mwanvita! Atakuona!"

"Na anione," alisema Mwanvita, akacheka katikati ya machozi, kicheko chake cha kwanza kwa miezi minne. Akamkumbatia bibi kwa nguvu, akaishusha mikono yake taratibu, na kanga ikashuka nayo.

"Idd Mubarak, watazamaji wetu," msoma habari alikuwa akisema. "Kikundi chetu kiko hapa studioni jioni hii, na kimeniomba niwape mkono wa Idd nyote mnaotutazama."

Picha ikahamia kwa wapiga fidla. Wa pili kutoka kushoto, amenenepa kidogo, akijifuta jasho huku akingoja zamu yake, alikuwa Abdala.