Nyota Iliyovunjika Ncha

Sonara aliinamia sarafu ya fedha ya mteja, lenzi ikiwa jichoni. Nyota ndogo iliyogongwa shavuni mwa sura ya mfalme ilikuwa imevunjika ncha moja. Aliijua ncha ile. Muhuri wa chuma wenye nyota, anaogongea kazi zake zote, ulianguka sakafuni mwaka jana ukameguka ncha hiyo hiyo, na mtu pekee anayeuazima ni mdogo wake.

"Nyota hiyo ndiyo inayoipa sarafu bei. Wako wanaosema ni ya kale, wako wanaosema imegongwa juzi," alisema mteja, jitu la miraba minne. "Sema wewe, fundi. Aliyeniuzia napajua kwake. Ikiwa ya uongo, leo atanitambua."

Mke wa mteja alicheka. "Baba watoto, usimtishe mzee wa watu. Ona anavyorudiarudia kutazama."

"Uzee huo, mama." Sonara aliweka lenzi mezani. "Nyota ni halali. Iligongwa babu yangu hajazaliwa."

Mteja akashusha pumzi, akampa mkewe lenzi naye ajionee.

Yule mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua bangili mpya aliyotengenezewa hapo hapo dukani, akaigeuza upande wa ndani, penye muhuri wa fundi, akaiweka kando ya sarafu, nyota kwa nyota.