Kufuli la Jiko

Siku hizi jiko la kila nyumba lina kufuli la serikali. Linafunguka adhuhuri, linajifunga alasiri, na nje ya hapo hakuna kula. Wakubwa wanasema ni kwa afya yetu. Vitambi vyao viko palepale.

Binti yangu Siwema alikonda, halafu akaacha kuniagiza pedi dukani. Mambo hayo alikuwa akiyajua mama yake, aliyefia kwenye foleni ya dawa ya hao wakubwa. Mimi niliona aibu kuuliza. Bangili ya afya aliyovishwa mkononi haikuona aibu. Iliripoti kwamba hedhi imekatika, akaja bibi afya.

"Hongera, babu mtarajiwa! Baba wa mtoto nani?"

"Mtoto gani? Huyu ana njaa. Mwili usioshiba unasimamisha damu."

"Mzee, udaktari umesomea wapi? Bangili haikosei. Mwenye mimba hufunguliwa jiko kutwa kucha. Au nifute taarifa?"

Siwema alinikanyaga mguu. "Ninayo mimba, dada," akasema. "Baba yake kasafiri."

Kufuli likafunguka. Akala asubuhi, akala usiku, mashavu yakarudi. Nikawa napika huku naimba.

Leo asubuhi amesimama mlango wa chooni, kashikilia khanga kwa nyuma.

"Baba, naomba pedi."

Nilitaka kumshukuru Mungu. Lakini bangili ilishaanza kuwaka nyekundu, na uji ukiwa bado motoni, jiko likajifunga. Nje bibi afya anapiga hodi, anauliza mimba tumeipeleka wapi.