Mgeni Mwenye Viganja Laini

Impi hakuugusa mkate. Aliusukuma kwa ncha ya kisu mpaka ukingoni mwa meza, akamkazia macho mgeni.

"Kula wewe kwanza."

Mgeni alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, alimega kipande cha ule mkate mweusi, akatafuna, akameza.

"Umeona? Sikuleta sumu, dada. Naitwa Raakel. Natoka nyumba ya sala."

"Hilo nimelijua uliponiita dada."

Nje, ukungu ulikuwa bado umelilalia ziwa na matete ya ufukweni. Kisiwa kilikuwa kidogo, na nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha magogo chenye jiko. Impi alikuja hapa barafu ya ziwa ilipoyeyuka mwaka huu. Watu wa kijijini ng'ambo walisema mwanamke anayeishi peke yake katikati ya maji, kama si kichaa, basi ana siri. Aliwaacha waseme. Hapa aliweza kujiuliza swali asubuhi, na mpaka jua linazama asiwepo wa kumjibia. Mwanzoni kimya hicho kilimtisha. Kisha akakizoea, kama mtu anavyoyazoea maji ya ziwa akitoka kwenye bafu la mvuke: kwanza unapiga ukelele, halafu hutaki kutoka.

"Nani kakuonyesha njia?"

"Mwenye duka."

"Na mashua?"

"Nimepiga makasia mwenyewe."

Impi alimshika mkono kama anayetaka kumsalimia, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa laini, hakina lengelenge hata moja.

"Raakel, nani amejificha kwenye matete?"

Uso wa mgeni uliiva kwa aibu. "Ndugu Urho. Alisema ukimwona yeye utajifungia ndani."

"Basi leo kasema kweli."

Ndugu Urho ndiye aliyeiongoza nyumba ya sala. Lakini watu hawakusafiri kwa sleji za kuvutwa na farasi thelujini kutoka parokia za mbali ili kumsikiliza yeye. Walimfuata Mama wa Usingizi, mwanamke aliyelazwa nyuma ya pazia kila Jumapili, akahubiri huku amelala fofofo. Urho aliketi kando yake, akawafafanulia watu maneno yale. Uso wa Mama waumini hawakuonyeshwa. Ilisemekana akitazamwa ataamka, na akiamka ghafla atakufa.

"Wewe ulifanya kazi gani pale?" Raakel aliuliza. "Ndugu Urho hakuniambia. Alisema tu kwamba ulipotea, na kwamba nisikusikilize sana."

"Na mbona unanisikiliza?"

"Sijui." Raakel aliinamisha macho. "Kwa nini uliondoka?"

"Nilichoka kuambiwa kila mara Mungu amesema nini, mimi nikiwa usingizini."

"Hata mimi husinzia ibadani," Raakel alisema taratibu. "Si dhambi kubwa hivyo, dada. Rudi tu. Mama atakusamehe."

Impi alitwaa birika jikoni. Alikuwa bado anamshuku. Msichana huyu alikuwa ama mjanja kupita kiasi, ama hajui lolote. Alimmiminia kahawa, naye akajimiminia.

"Nawe? Umepewa nini ili uje huku?"

Raakel alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Sikupewa kitu. Nina mimba. Mume wangu, Eino, haji ibadani. Anasema Mungu hahitaji pazia. Jumapili iliyopita Mama alinitaja kwa jina langu. Akasema nimwache Eino, na mtoto nikishamzaa nimpeleke akalelewe nyumba ya sala. Ndugu Urho akaniambia nikikurudisha wewe, huenda Mama akaniombea nipunguziwe hukumu hiyo."

"Alikutaja kwa jina? Ulimsikia mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu! Nilikuwa benchi la mbele."

"Sauti ilikuwaje?"

"Ni ile ile. Mwaka huu imekwaruza kidogo. Ndugu Urho anasema ni mafua."

Impi alikitua kikombe chake bila kunywa.

"Na wewe unaonaje, kuhusu Eino?"

"Mimi?" Raakel alishangaa, kana kwamba swali hilo lilikuwa la mtu mwingine. "Eino ni mtu mwema. Jana usiku kachonga mguu wa kitanda cha mtoto huku analia. Lakini mimi ni nani hata nibishane na Mama?"

Mluzi ulisikika kutoka kwenye matete, mfupi, wa mtu aliyekwisha kuchoka kungoja. Raakel aliinuka haraka.

"Twende, dada. Tafadhali. Atakasirika."

Impi alimpita, akaenda mlangoni, akaweka komeo.

"Unafungia nini?" Raakel alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Nitapiga kelele! Alinionya kuwa akili zako si nzima!"

Impi alimpa mgongo. Alikwenda kwenye benchi karibu na jiko, akajilaza chali. Akakunja mikono kifuani. Akafumba macho, na pumzi zake zikawa nzito, za polepole.

Mluzi ulilia tena, mara hii karibu zaidi.

Ndipo kinywa cha Impi kikafunguka, ikatoka sauti nyembamba, ya kupanda na kushuka, isiyofanana hata kidogo na ile iliyokuwa ikizungumza mezani.

"Kondoo wangu wa kwenye theluji, sogeeni karibu."

Raakel aliijua sauti hiyo, akaanguka magotini, machozi yakimtiririka.

"Inuka, mwanangu," Impi alisema, macho yakiwa wazi sasa. "Jumapili iliyopita nilikuwa hapa hapa, nachimba viazi."